Umefika Ukurasa Gani?

Kuna watu wakikasirika hupiga kelele, na wengine hununa wiki nzima kisha wakasahau walichonunia. Sista Ritha alipomkasirikia Noela aliacha kuitikia shikamoo yake, akashikilia hapohapo mpaka Noela akazaa, na mtoto mwenyewe, Kudra, akamaliza kidato cha nne. Hebu fikiria! Katika nchi hii hata mwizi wa kuku akikamatwa, akikwambia shikamoo, unamwitikia kwanza ndipo unaendelea na mengine.

Kisa kilianzia Shinyanga, katika nyumba ya masista, Noela alipokuwa mnovisi, msichana anayejiandaa kuwa sista. Sista Ritha ndiye aliyewafundisha wanovisi Kilatini, wakati kwingine kote kilikuwa kimeshafungiwa kabatini. Alisema msichana anayeweza kukifuga Kilatini hawezi kudanganywa na mchuuzi yeyote wa mnadani. Wenzake Noela walisinzia. Noela peke yake alikipenda, akawa anakaa na Sista jioni wakisoma pamoja kitabu cha Mrumi mmoja wa kale, mkulima, aliyeandika habari za nyuki, mbuzi, majirani wakorofi na wakwe. Walikuwa wamefika ukurasa wa tisini na moja alipotokea Nasibu, dereva aliyeleta saruji ya kujengea kanisa, na ambaye aliendelea kuja hata saruji ilipokwisha. Asubuhi moja Noela akaondoka naye, kiti cha mbele, bila kuaga.

Baada ya ndoa ya bomani alirudi na kuku wawili na uso wa aibu. Akapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, Sista."

Sista Ritha alimtazama yeye, kisha akawatazama kuku. "Umefika ukurasa gani?"

"Palepale tulipoachia, Sista."

"Basi ukimaliza tutasalimiana."

Noela alidhani ni utani. Lakini Sista Ritha hakuwa mtu wa utani. Utani wake wa mwisho aliufanya enzi za Azimio, na haukumchekesha mtu. Pasaka iliyofuata Noela alikwenda tena, shikamoo Sista, na Sista akauliza ukurasa. Pasaka ya mbele yake, vilevile. Na kwa vile balaa haliji peke yake, mchwa waliingia kwenye kabati la vitabu la masista. Mchwa wakakisoma kile kitabu mpaka mwisho, Noela akabaki kwenye tisini na moja yake.

Maisha mengine yalikwenda vizuri. Alihamia Katoro na mumewe, akafungua banda la chakula karibu na karasha za kusagia mawe ya dhahabu, na watu walikuja kutoka mbali kwa sato wake wa kukaanga. Watu mia kwa siku walimwita Mama Kudra na kumpa heshima zake. Ila kila Pasaka alirudi kutoka Shinyanga analia ndani ya gari, na Nasibu, ambaye kwa hofu ya Sista hakuwahi kuvuka geti la masista tena, aliendesha tu. Iliuma, tusidanganyane. Mama mzazi wa Noela alikufa yeye akiwa mdogo. Sista Ritha ndiye aliyemlea kwa maneno. Salamu isiyoitikiwa na mtu kama huyo hukaa kooni.

Mwaka huu, wiki chache baada ya Pasaka, simu ikalia. Alikuwa Sista Violeth, sista kijana anayemtunza Sista Ritha.

"Mama Kudra, Sista Ritha si mzima. Daktari anasema ni uzee, dawa yake haipo. Jana kaniuliza umeshafika ukurasa gani."

Noela akazima jiko, akamwachia jirani banda, akapanda gari kwenda Geita, maktabani.

Mkutubi aliitwa Januari, kijana mpole mwenye miwani. "Kilatini, mama? Una uhakika si Kiingereza?"

"Kilatini, mwanangu. Cha nyuki."

"Tunacho cha ufugaji nyuki cha kisasa, cha Kiswahili kabisa, kina picha za rangi."

"Cha kisasa hakitaitikiwa," Noela akasema. Januari hakuelewa, na ingekuwa ajabu kama angeelewa. Lakini alikuwa na wivu wa kazi yake. Kusikia kwamba kuna kitabu duniani ambacho hawezi kumpatia msomaji kulimnyima raha. Akapiga simu huku, akaandika kule, akasumbua maktaba za miji ambayo Noela hajawahi kuiona, mpaka akakigundua kwenye seminari moja ya mbali. Seminari ilikubali kuiazima maktaba, na maktaba imuazime Noela, kwa masharti. Kirudi mwisho wa mwezi. Awepo mdhamini mwenye muhuri. Na ukitaka kuongezewa muda, mdhamini agonge muhuri upya.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mwenye muhuri aliyemfahamu Noela alikuwa mmoja tu: Boaz, tajiri wa Nasibu, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Muhuri wa Boaz ulikuwa na nyundo mbili na simba, mkubwa kuliko wa mtendaji wa kijiji.

"Kitabu cha zamani," Boaz akasema bandani kwa Noela, akiacha kutafuna sato. "Kwa mapadri. Lugha isiyosemwa na mtu yeyote."

"Ni cha nyuki, Baba."

"Cha nyuki!" Boaz akacheka mpaka mwiba wa samaki ukamkwama. "Mama Kudra, hata mimi nikifuata mwamba mpya, watu wakiniuliza naenda wapi, nasema naenda msibani."

Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba Mjerumani alipokimbia vita aliacha mali ardhini na alama juu ya mawe. Watu wazima, wenye akili na familia, hutembea milimani wakipapasa mikwaruzo kwa vidole. Noela aliapa ni nyuki, na kila alivyoapa ndivyo Boaz alivyozidi kuamini, kwa sababu hakuna mtu anayeapa hivyo kwa ajili ya nyuki. Mwishowe akagonga muhuri. "Nusu kwa nusu," akasema. "Mimi ndiye mfadhili."

"Nusu ya nini?"

"Ya dhahabu kitakayotema."

"Kitabu hakitemi, Baba."

"Hata duara langu la kwanza walisema hivyohivyo."

Noela alikubali. Mtu mwenye haraka hakatai mgao wa kitu ambacho hakipo.

Kitabu kilipofika, walikwenda kukichukua pamoja, Boaz kavaa koti. Januari akakifungua juu ya meza. Kilikuwa cha nyuki, ni kweli, lakini seminari walituma cha Kigiriki. Noela alizijua zile herufi kwa shida, Sista alikuwa akimfundisha kama adhabu; kusoma hakuweza hata mstari. Akaanza kukifunga. Boaz naye alikuwa amegeuka rangi.

"Hii hapa," akanong'ona, akigusa herufi yenye miguu miwili na paa. "Hii nimeiona kwenye jiwe kule bondeni kwangu. Na hii ya duara iliyopasuka chini. Mama Kudra, nisamehe. Nilikuwa nakushuku kidogo, sasa sikushuku tena."

Ilibidi Januari na Noela wakivute kitabu upande mmoja, Boaz upande mwingine, mpaka Januari akamkumbusha kwamba maktabani hairuhusiwi kupiga kelele. Kigiriki kikarudi, Kilatini kikaja, na siku zilikuwa zimeliwa nyingi. Noela alipokishika na kuiona ile sura ya kwanza aliyoisoma akiwa msichana, alikinusa. Kilinuka kabati. Akacheka peke yake.

Alitaka kurukia ukurasa wa tisini na moja, lakini Boaz akakataa katakata: duara haliingiwi katikati. Basi Noela akawa anasoma bandani baada ya chakula cha mchana, anatafsiri, na vijana wa duara wamekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa wanasikiliza kwa adabu ya kanisani. Mrumi alisema mizinga iwekwe upande wa jua linakochomoza, chini ya mwamba unaokinga upepo, karibu na maji.

Boaz akasimama. "Inatosha."

"Ukurasa haujaisha, Baba."

"Mashariki, mwamba, maji. Unataka aseme na jina langu?"

Kesho yake alfajiri alikwenda na vijana, sururu na mitaimbo, mpaka kwenye mwamba ulio mashariki mwa duara lake, kando ya kidimbwi. Walipiga mtaimbo wa kwanza. Wa pili haukupigwa. Mrumi, pamoja na uzee wake wote, alikuwa anajua kazi yake: mahali hapo nyuki walikuwa wamepapenda kabla Boaz hajazaliwa. Saa sita vijana walirudi Katoro mmoja mmoja, kila mtu na njia yake, na Boaz akaja wa mwisho, jicho moja limefunga duka na midomo kama maandazi mawili.

Ungedhani mtu huyo sasa ataamini kitabu ni cha nyuki. Thubutu! "Kinasema kweli!" akapiga meza. "Nyuki walikuwepo, kama kilivyosema! Sasa wewe sehemu ya dhahabu unaificha." Akakichukua kitabu, akakifunga ndani ya mfuko wa salfeti kama mawe ya daraja la kwanza, akaweka mlinzi. "Dhamana ni yangu. Ukiwa tayari kusema, njoo."

Noela hakulala vizuri. Asubuhi Sista Violeth akapiga simu: Sista Ritha ameacha kula, ameacha kusema, amebakiza lile swali tu.

Basi mwanamke akafunga khanga kiunoni. Alikwenda mpaka mdomoni mwa duara, mbele ya wachimbaji wote, Nasibu akiwa nyuma yake na rangi imemtoka, maana anayekwenda kuvurugwa ni tajiri wake.

"Boaz," akasema, bila Baba safari hii, "duara likishindwa kutema, mfadhili anaruhusiwa kuondoka na mawe yote?"

Boaz akakohoa. "Hapana."

"Mawe yanagawanwa wapi?"

"Hapahapa mdomoni, mbele ya wote," wakajibu vijana kwa pamoja, kwa sababu kanuni hiyo ndiyo inayowalisha.

"Na mtu anaweza kukataa fungu lake kwa kuwa mawe ni mabovu?"

"Jiwe ni jiwe!"

"Basi nusu ya kitabu ni yake na aichukue. Lakini kitabu hakipasuliwi, ni cha watu. Fungu lake atalipokea kwa masikio, ukurasa wake mmoja, wangu mmoja, mpaka mwisho. Na bado sijamaliza. Mawe yanaweza kugawanwa mwenye shamba hayupo?"

Vijana wakamgeukia Boaz. Kila mchimbaji anajua kwamba ukigawana bila mwenye shamba, mwamba hukimbia, na mwaka mzima mtachimba udongo.

"Mwenye shamba ni nani?" Boaz akauliza, akilishika jicho.

"Kilatini hiki kilipandwa na mtu ndani yangu. Yuko Shinyanga, anakufa. Akifa kabla ya mgao, shauri yako na mwamba wako."

Mzee mmoja wa duara akatema mate pembeni na kusema, "Mwenye duara, hapo huna ujanja." Nusu saa baadaye kenta la Boaz lilikuwa barabarani, Nasibu kwenye usukani, Noela katikati, na mfadhili dirishani, kitabu mapajani, uso umefungwa taulo. Wakapita Ushirombo, na walipofika Kahama Boaz akauliza kama huyo mwenye shamba ni mkali.

"Utamwona," akasema Noela.

Getini Nasibu alizima gari, akateremsha kiti, akakaa kama desturi yake. Noela na Boaz wakaingia.

Sista Ritha alikuwa amelazwa karibu na dirisha, amepungua mpaka shuka lilionekana tupu. Macho tu ndiyo yalikuwa yaleyale. Noela akapiga magoti. "Shikamoo, Sista."

Sista akauliza kwa sauti ya karatasi: "Umefika ukurasa gani?"

"Tisini na moja. Nimekuja na kitabu."

Macho ya Sista yakashuka kwenye kitabu, yakakaa hapo muda. Kisha yakapanda kwa Boaz. "Na huyu aliyevimba?"

"Ni mdhamini wangu."

"Nyuki?"

"Nyuki, mayu," Boaz akajibu kinyonge, akimwita mama kwa Kisukuma kilichomtoka chenyewe.

"Ulipeleka moshi?"

"Sikupeleka."

"Ukurasa uleule, mistari mitano chini, anasema upeleke moshi kwanza." Sista Ritha akapata nguvu ghafla, akajaribu kuinuka, Violeth akakimbilia mito. "Nyie watu mnasoma nusu ukurasa kisha mnachukua sururu! Keti hapo. Noela, soma."

Noela akasoma. Mstari wa pili tu Sista akamkosoa matamshi, na Violeth akafuta machozi kwa furaha, kwa sababu tangu juzi bibi hakuwa amemkosoa mtu yeyote. Ukurasa wa Noela ukipita, unakuja wa Boaz, na wa Boaz Sista aliutia Kisukuma yeye mwenyewe, kwa vile mtu hupewa fungu lake kwa mkono safi. Mrumi akaeleza jinsi jirani alivyoligongea sufuria kundi la nyuki la Mrumi mpaka likahamia upande wa pili wa ua, kisha akadai ni la kwake. Boaz akaruka kitini.

"Mwizi! Ni huyohuyo aliyenisogezea mpaka wa duara! Ikawaje?"

"Si ukurasa wako," akasema Sista. "Ngoja."

Ikaja sura ya wakwe. Mama mkwe wa Mrumi alikuja kukaa siku mbili, akakaa misimu miwili, na Mrumi akagundua kwamba mizinga ya mbali kabisa, kule msituni, inahitaji kukaguliwa kila siku. Sista Ritha akacheka. Alicheka akakohoa, akanywa uji vijiko vitatu, akasema tuendelee. Boaz alikuwa ameshasahau kuuliza dhahabu iko wapi. Au pengine alikumbuka akaona aibu kumkatisha mzee.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mapazia walipofika mwisho. Noela alikuwa ameusubiri ukurasa huo ujana wake wote. Aliwaza utakuwa na neno zito, la kumtoa mtu jasho. Akasoma: ukishajaza asali, ziba mtungi kwa nta, weka kifuniko, usiuweke karibu na mbuzi. Nimechoka, mengine waulizeni nyuki wenyewe.

Akageuza. Nyuma palikuwa peupe.

"Ndiyo mwisho, Sista?"

"Ndiyo mwisho."

"Kifuniko?"

"Hata mimi nilikasirika mara ya kwanza."

Noela akacheka huku machozi yanamtoka. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, Sista."

Sista Ritha alikuwa amefumba macho. Hakujibu. Nje kuku walikuwa wanarudi bandani. Violeth akasogea, akauinamia uso wa bibi, na Boaz akavua taulo lake taratibu, kama mtu anayevua kofia msibani. Noela akahisi dunia inamtoka. Amechelewa. Miaka yote hiyo, mchwa, Wagiriki, mihuri, halafu kachelewa kwa ukurasa mmoja.

"Sista?"

"Nasubiri," ikasema ile sauti, macho bado yamefumbwa.

"Unasubiri nini?"

"Utoe kidole kitabuni. Mtu hasalimii huku ameweka kidole, kama anayetaka kuondoka tena."

Noela akatazama mkono wake. Kweli, kidole kilikuwa kimebaki katikati ya kurasa. Akakitoa. Akakifunga kitabu, akakiweka chini, akaiunganisha mikono yake miwili mitupu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba," akasema Sista Ritha. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akaendelea hivyo, moja kwa kila mwaka anaoukumbuka, na Noela alilia kwa sauti, bila haya, kichwa ndani ya lile shuka, na Boaz akalia kwa jicho moja lililokuwa wazi.

Walipotulia Sista akafungua macho, akaangalia dirishani kuelekea getini. "Yule dereva wa saruji bado anakaa nje?"

"Anakuogopa, Sista."

"Mwiteni."

Nasibu akaja, kofia mkononi, akisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi. Swali la ukurasa alikuwa akilisikia tu kwa mkewe. "Shikamoo, Sista," akasema, akiangalia sakafu.

"Marahaba, baba," Sista akajibu papo hapo, kwa wepesi ambao ulimfanya Noela ageuke kumtazama. Kisha akagonga kitabu kwa kidole chake chembamba.

"Na wewe umefika ukurasa gani?"

Nasibu akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Boaz. Na Boaz, mfadhili, mwenye nusu, akaanza kupapasa mifuko ya koti lake akitafuta muhuri.